Turubai Uani

Baba, ambaye ugonjwa ulikuwa umemwacha mifupa mitupu, alitaka jambo moja tu: sote tulale usiku mmoja kwenye mbuga ya kando ya ziwa, awasikie viboko wakitoka majini kula majani. Unga, mikeka, vyandarua, vyote tulishafunga. Kilichokosekana ni esansi, mafuta ya gari. Pampu za mji mzima zilikuwa kavu, na jirani yetu mwenye gari, nilipokwenda kumsihi, aliniapia Mungu kwamba hana hata tone.

Hema hatukuwa nalo. Tukaazima turubai kubwa, tukalijaribu uani mchana kweupe. Ujinga gani ule! Hapa Gasenyi turubai likisimama uani bila muziki, watu wanajua moja tu: kuna maiti ndani. Mara akina mama wa mtaa wakaingia wakilia, vitenge viunoni, kila mmoja na kiti chake.

Nyuma yao akaja yule mwenye gari. Akanishika mkono.

"Pole sana, dada. Gari iko tayari, esansi imejaa. Tutamupeleka muzee makaburini bila shida."

"Muzee yuko muzima!" nikampigia kelele, nikimwonyesha baba, aliyekaa mlangoni na kofia yake ya safari. "Basi utupeleke ku ziwa leo!"

Akamtazama baba, akalitazama turubai, akauachia mkono wangu.

"Apana, dada. Hii esansi nilichunga ya kilio."