Baba na Dungu Lake la Kila Siku

Baba yangu, Mahlon Gingerich, si mvivu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu angekuwa mvivu kidogo tu, mwaka ule tungekula nyama ya kulungu. Shida yake ni kwamba hajui kuacha kitu. Akishaanza kugongelea msumari ataugongelea mpaka mwisho hata kama mbao imeshapasuka. Kwenye karakana anakofanya kazi, wanakotengeneza meza na vitanda, tajiri wake anampenda kwa tabia hiyo hiyo. Msituni haimsaidii.

Dungu lake lipo nyuma ya shamba letu, pale mahindi yanapoishia na msitu wa mialoni unapoanza. Ni kibanda cha mbao juu ya nguzo, kina ngazi, bati juu, na dirisha la kutolea mshale. Alilijenga kwa mikono yake na kiti alichoweka ndani ni kizuri kuliko viti vyetu vya mezani. Kutoka jikoni linaonekana lote. Mimi nilimaliza darasa la nane kama watoto wote wa kanisa letu hapa Ohio wanavyomaliza, na tangu siku ile jikoni ndiko niliko. Kwa hiyo dungu lile nimelitazama sana, pengine kuliko Baba mwenyewe, maana yeye akishaingia ndani yake haoni linavyoonekana kwa nje.

Mwaka ule chupa zetu za nyama zilikuwa tupu. Sisi nyama ya kulungu tunaikata vipande, tunaishindilia kwenye chupa za kioo, tunaichemsha mpaka vifuniko vinajibana vyenyewe, na chupa hizo ndizo zinazotuvusha mwaka. Mama alikuwa ameshuka kwenye ghala la chini ya nyumba kutafuta ya kupikia tambi, akapanda mikono mitupu. Akakaa mezani.

"Mahlon, baridi kali ikiingia hujaleta kulungu, itabidi tumchinje mtamba."

Baba akaacha kutafuna. "Nani kasema sitaleta kulungu?"

"Sijasema hutaleta. Nimesema ikiingia."

Mtamba yule alikuwa na doa jeupe usoni na tulikuwa tunamtegemea. Ng'ombe wetu mkubwa alikuwa amezeeka, maziwa yake yanapungua kila wiki, na huyu ndiye angepandishwa na kushika nafasi yake. Kumchinja kulikuwa ni kula siagi na jibini ya miaka inayokuja kwa mkupuo mmoja. Baba alilijua hilo vizuri. Alisema, "Huyo hachinjwi," akaendelea kula.

Jioni ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa upinde alirudi uso unang'aa. Aliwaona majike na watoto wao, na nyuma yao dume mwenye pembe pana kama kiti kilichopinduliwa.

"Ukampiga?" Mama akauliza.

"Alikuwa mbali kidogo. Kesho."

Kesho yake akaenda. Na kesho yake tena. Akitoka karakana alipita jikoni, akanywa kahawa akiwa amesimama, akaenda bandani kusugua koti lake kwenye ubavu wa farasi ili kuua harufu ya vanishi, halafu akakata shamba katikati kuelekea dunguni. Vanishi haikufa. Sasa alinuka vanishi na farasi. Na njia yake, ambayo ilishakuwa ngumu kama sakafu, ilikatiza palepale kulungu wanapopita kutoka mialoni kuja kula mahindi yaliyodondoka.

Mimi niliona mambo yanavyobadilika kidogo kidogo. Mwanzoni walikuwa wanatokea karibu na nguzo za dungu jua bado lipo. Baadaye wakawa wanatokea ng'ambo ya kijito, mbali na dungu. Kulikuwa na jike mmoja mzee aliyetangulia wenzake; alikuwa akifika ukingoni anasimama, anainua shingo na kutazama moja kwa moja lile dirisha juu, kama mtu anayeangalia kama duka limefunguliwa. Halafu anageuka, na wote wanageuka. Baba huku yupo ndani, ametulia kama gogo, anatazama upande mwingine.

Nilimwambia Mama tukikanda unga. Mama akamwambia Baba.

"Kumbe siku hizi uwindaji unafundishwa jikoni," Baba alisema. Hakunitazama.

Mdogo wake, Baba mdogo Ura, ana madungu matatu, yote mabaya. Moja ni ngazi tu iliyofungwa kwenye mti. Anakaa kwenye moja leo, wiki nzima haligusi tena, na upepo ukigeuka anakwenda lile lingine, au anabaki nyumbani kabisa na kunywa sharubati ya tufaha. Yeye alikuwa ameshapata kulungu wake mapema. Siku moja alileta msumeno alioazima, akamkuta Baba anafunga viatu.

"Kaka, unakwenda tena?"

"Nakwenda."

"Jana ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Juzi je? Usinijibu. Kaka, hao kulungu wanajua saa yako kuliko tajiri wako. Ukichelewa nafikiri wanaanza kuulizana kama unaumwa."

"Mtu akitaka kukamata kulungu lazima awepo wanapopita, Ura. Wewe unakaa nyumbani unangoja waje kupiga hodi?"

"Nakaa nyumbani ili wasahau. Lipumzishe hilo dungu. Liache hata wiki moja lisinuke mtu."

"Nalipumzisha kila Jumapili."

Baba mdogo akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye nimesema. "Umemsikia baba yako? Jumapili! Unapumzika wewe, kaka. Dungu linabaki na harufu ya Jumamosi."

Mama alicheka huku amegeukia jiko. Baba akachukua upinde wake, akaondoka.

Kwetu Jumapili mtu hawindi. Hata upinde haushikwi kuusafisha. Na Jumapili moja ibada, ambayo kwetu huzunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa zamu yetu. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kwenye banda letu la kazi, wanawake wameshaingia jikoni na vikapu vyao, na wanaume wamesimama mstari kando ya zizi kama kawaida, kofia nyeusi, wanapeana mikono kimya kimya. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Ndipo yule dume akatoka mialoni.

Alitoka asubuhi kweupe. Akatembea taratibu mpaka chini ya dungu la Baba. Akasugua pembe zake kwenye nguzo ya ngazi, akizungusha shingo, hata bati likawa linalia na sisi tunasikia. Halafu akainamisha kichwa na kula mahindi. Mstari wote wa wanaume uligeuka. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu ibada ilikuwa inakaribia, lakini mabega yalianza kutikisika. Mzee Enos, mhubiri wetu, ambaye si mtu wa mzaha, akamwegemea Baba na kusema kwa sauti ndogo, "Ndugu Mahlon, naona nguzo yako moja inahitaji ukarabati."

Masikio ya Baba yalikuwa mekundu mpaka tulipoimba wimbo wa mwisho.

Wakati wa chakula, watu wakila mkate na siagi ya karanga, Baba mdogo alimfuata. "Sasa umeona mwenyewe. Amekuja kwa sababu hupo."

"Nimeona anapokaa," Baba alijibu. "Kanisa zima limeona. Anakaa pale. Na mimi nitakaa pale."

"Kaka!"

"Jumatatu naomba ruhusa kazini."

Nilitamani kuitupa sahani chini. Jambo lile lile walilolitazama watu wote kwa macho yao, yeye peke yake alilielewa kinyume. Jumatatu alikaa kutwa nzima. Alibeba mkate na chupa ya kahawa ya moto, na harufu ya kahawa ile ilinifikia nilipokuwa naanika nguo. Hakuona hata unyoya wa kulungu. Jioni alikula, akaenda kulala mapema.

Usiku wa baridi ya kwanza vidimbwi viliganda kidogo tu. Mama alitoka asubuhi, akakanyaga barafu ile kwa kisigino, ikapasuka. Akaingia ndani akasema, "Bado. Lakini inakuja." Nyama ya ng'ombe mzima haiishi kukatwa na kuchemshwa kwa siku moja, inayobaki huoza bila baridi ya kweli, na sisi umeme hatutumii. Kwa hiyo baridi ndiyo ilikuwa tarehe ya mtamba.

Nadhani barafu ile ndiyo iliyomlainisha Baba. Jioni Baba mdogo alipokuja tena, hakubishana. Alisikiliza. Ura alimwambia afanye hivi: wiki nzima asilikaribie dungu, shamba asilikate, halafu upepo wa kaskazini ukivuma azunguke kwa kijito, apande kutoka nyuma, akae jioni moja.

"Jioni moja tu?" Baba aliuliza.

"Moja. Ukishindwa, unaliacha tena."

"Haya. Nakuahidi."

"Shemeji, umesikia? Wewe ni shahidi."

"Nimesikia," Mama alisema. "Kusikia si kazi."

Siku zile zilikuwa ngumu kuliko zote. Baba alikuwa akitoka karakana anasimama mlangoni mwa banda la farasi, mikono nyuma, anatazama shamba. Anaingia. Anatoka tena. Na kulungu walianza kurudi! Kwanza jike mzee, ng'ambo ya kijito. Kesho yake akavuka. Alitazama dirisha la dungu, akalitazama tena, akainama akala. Niliacha kumenya viazi. Nilimwambia Mama, "Wamerudi," na Mama akasema, "Usimwambie. Atakwenda."

Hatukumwambia. Akaenda hivyo hivyo.

Nilimwona na nyundo mkononi, katikati ya wiki, anakata shamba palepale kwa njia yake ya siku zote. Alipanda ngazi. Tuk, tuk, tuk. Alikaa huko muda mrefu kuliko misumari ile ilivyohitaji. Aliporudi Mama alikuwa anamngoja kizingitini.

"Umeahidi."

"Sikwenda kuwinda. Hata upinde sikuchukua. Ubao mmoja unalia ukiukanyaga, nimeukaza. Na majani nimeyafagia."

"Umefagia," Mama alisema.

"Ura alisema nisiwinde."

"Alisema usilikaribie, Mahlon."

"Ni dungu langu, Alta. Mtu hawezi hata kukaza msumari kwenye kitu chake?"

Upepo wa kaskazini ulikuja mwisho wa wiki. Baba alifanya kila kitu alichoambiwa. Alizunguka kwa kijito, akapanda kutoka nyuma, kahawa aliiacha. Mama na mimi tulisimama dirishani kama watu wanaongoja mgonjwa. Majike wakatoka. Yule dume akatoka nyuma yao, mkubwa, shingo imevimba, anakuja moja kwa moja. Hatua chache zaidi na angekuwa mbele ya mshale.

Alifika kwenye ile njia ya Baba. Akasimama. Akashusha pua chini, pale alipopita mtu na nyundo yake. Akainua mguu wa mbele akapiga ardhi, mara moja, mara mbili, halafu akapuliza kwa pua sauti kali tuliyoisikia ndani ya nyumba. Mikia myeupe yote ikainuka kwa pamoja. Shamba likabaki tupu.

Mama alivuta pazia.

Siku chache baadaye maji ya kunyweshea farasi yaliganda mpaka chini. Baba mdogo Ura alikuja na visu vyake na hakutania hata mara moja. Baba mwenyewe ndiye aliyemtoa mtamba zizini. Alimshika kichwa, akamkuna lile doa jeupe, akasema neno dogo ambalo sikulisikia. Kutwa nzima tulikata, tukashindilia, tukachemsha. Jiko lilijaa mvuke na chupa zikajipanga mezani, moja baada ya nyingine, nyekundu.

Alasiri Baba alinawa mikono. Akatazama saa ya ukutani. Akachukua koti lake.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Msimu haujaisha."

Baba mdogo aliweka kisu chini. "Kaka, kwa jina la Mungu. Una damu ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko."

"Itaficha vanishi," Baba alisema, akatoka.

Mama hakugeuka. Alinisogezea vifuniko vilivyobaki, akaniambia nikaze vizuri, maana chupa isiyokazwa huharibika.