Pale Nyuma ya Gurudumu la Mwisho

Wiki ile ilianza na harusi. Jumatatu asubuhi tulipiga picha za jozi tatu za maharusi waliotoka kufunga ndoa ofisi ya msajili, katikati ya jiji. Wale wa tatu walikuwa na haraka kwa sababu shemeji yao alikuwa ameegesha gari mahali pabaya. Isaya alishuka ngazi kinyumenyume mbele yao, kamera mkononi, akiwachekesha.

"Bibi harusi, wachana na huyo, utamwangalia mpaka uchoke. Niangalie mimi!"

Bibi harusi akacheka, na hiyo ndiyo picha waliyoichukua.

Isaya alikuwa mwenzangu wa kazi kwa miaka sita. Tulikuwa wapiga picha wa barabarani, wale wanaosubiri wateja kwenye ngazi za majengo makubwa. Yeye alikuwa mrefu, na juu ya shati alivaa reflekta ya njano kama ya watu wa boda boda, ili mteja amwone tangu ng'ambo ya barabara. Mimi natoka Mutuini. Yeye aliishi Kangemi na mama yake, na hapo Kangemi, nyuma ya duka la kuku, tulikodi chumba chenye kompyuta moja ya kuhariri picha.

Kulikuwa na kazi tuliyoipenda kuliko harusi. Majira ya mazoezi ya gwaride, magari ya jeshi yalipita barabara ya Waiyaki Way, nasi tulikwenda kuyangoja karibu na mtaa wa Mountain View. Kupiga picha ya gari linalokimbia ni kazi ya kiuno. Ukiiweka kamera kwenye kasi kubwa inagandisha kila kitu, magurudumu pamoja na majani ya miti, na gari zito la chuma linaonekana kama limeegeshwa kambini. Ukiipunguza kasi na kulifuata gari kwa mwili wako wote, gari linabaki wazi na kila kilicho nyuma yake kinageuka mistari. Isaya ndiye aliyenifundisha.

"Zungusha kiuno, Kamau, si mikono. Kwani hujawahi kucheza isukuti?"

"Kwetu hatuna kiuno."

"Basi omba jirani."

Tulisimama kila mmoja upande wake wa barabara ili tusiuze picha zinazofanana. Mara nyingi, gari likishapita, nilimwona ng'ambo kamera ikiwa bado usoni, akinipiga mimi. Nami nilimpiga yeye. Tulikuwa na picha nyingi za namna hiyo, na tulizifuta zote kwa sababu hazikuwa na mnunuzi.

Jumatano risasi zilisikika mjini.

Wapo wanaokataa kuiita vita. Zilikuwa siku chache tu, wanasema, na mitaa michache. Sibishani nao. Ninachojua ni kwamba maduka yalifungwa adhuhuri na moshi ukaonekana hata kutoka Mutuini. Ninajua pia kwamba yale magari niliyozoea kuyaona yakienda kwenye gwaride yalikuwa na watu juu ambao hawakupunga mkono.

Siku hizo mpiga picha akikutwa na picha za askari alipigwa, na kamera ikavunjwa. Isaya akatunga sheria: picha ikishatumwa, kadi ya kamera inaoshwa. Ndivyo tulivyosema, kuosha, tukimaanisha kufuta kila kilichomo. Na kwenye kompyuta, ambayo ilishajaa harusi za watu, tulihifadhi picha iliyohaririwa juu ya ile ya mwanzo. Inabaki moja. Anayekuja kupekua asikute nyingi.

Ilikuwa sheria nzuri. Ilituokoa Alhamisi, pale askari mmoja aliponipokonya kamera, akabonyeza bonyeza, asione kitu.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa Mountain View, mimi upande wa nyumba, yeye ng'ambo. Msafara ulitoka upande wa Uthiru kuelekea mjini. Niliusikia kwenye nyayo kabla ya kuusikia masikioni.

Gari la kwanza likapita.

La pili.

Mbele, upande wa Kangemi, ukasikika mlio mmoja. Halafu mingi.

Gari la tatu likaongeza mwendo. Kwa hofu nilikuwa nimepandisha kasi ya kamera. Kiuno hakikuzunguka. Nikapiga picha moja.

Nikajitupa mtaroni.

Sijui nililala pale kwa muda gani. Nilipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nilidhani amekimbia, kama mtu mwenye akili.

Nilirudi Kangemi kwa njia za ndani. Mama Isaya alikuwa mlangoni kwake, ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Na mwenzako?"

"Anakuja, mama. Alipitia upande ule mwingine."

Nilisema hivyo kama mtu aliyemwona.

Kwenye chumba chetu nikaifungua ile picha katika kompyuta. Ilikuwa imeganda yote, kama nilivyohofia. Gari lilikuwa wazi hadi kwenye matope ya magurudumu, na nyuma ya gurudumu la mwisho alisimama Isaya na reflekta yake, kamera usoni, lenzi yake ikinitazama. Karibu naye palikuwa na gari dogo jeupe, mlango umefunguliwa, na watu. Wawili, au watatu. Sikuwatazama. Nilikuwa nalitazama gari la jeshi.

Nikaituma kwa mwanamke aliyekuwa akinunua picha zetu kwa ajili ya tovuti ya habari. Alinipigia papo hapo.

"Kamau, hii gari imepaki. Mimi nataka ikikimbia."

"Ilikuwa inakimbia."

"Kwa picha haikimbii. Na huyo msee wa njano ni nani? Anavuta macho. Mtoe."

"Huyo ni Isaya," nikasema, na sote wawili tukacheka. Tulikuwa na hofu, na kicheko kilikuwa karibu.

Kazi yenyewe ilichukua kama nusu saa. Kwanza nililizungushia gari mpaka wake. Kisha nikachukua vipande vya ukuta na nyasi, nikavipanda juu ya Isaya, kidogo kidogo, kuanzia miguuni. Gari jeupe likafuata, na watu wake. Halafu nikavuta kila kilichobaki nyuma kuwa mistari, nikayazungusha magurudumu. Gari likakimbia. Nakiri kwamba niliipenda. Nilihifadhi juu ya ile ile, nikatuma, nikaosha kadi. Ile niliyotuma kwanza niliifuta kwenye simu, na yule mwanamke naye alikuwa ameifuta ya kwake. Sote tuliifuata sheria.

Kisha nikamwandikia Isaya ujumbe: "Bro, nimekutoa kwa picha, ulikuwa unaharibia gari."

Tiki moja. Nikasubiri ya pili.

Bado ni moja.

Tulimtafuta, mimi na mama yake, kwanza kwenye vituo vya polisi, halafu hospitali, halafu mochari. Siku ya kumi na moja jirani wa Mountain View, mwanamke anayeuza mboga kando ya barabara, alisema alimwona kijana mrefu wa reflekta akisukumwa ndani ya gari dogo jeupe. Hakujua ni watu gani. Hawakuwa na sare. Ulikuwa wakati wa milio na yeye mwenyewe alikuwa chini ya meza.

Wakili aliyejitolea kutusaidia alikuwa kijana mpole. Alituuliza kama kuna picha yoyote ya pale, siku ile.

Mama Isaya akanigeukia. "Si wewe ulipiga?"

Nikaitoa. Wakili akaiangalia, akaisogeza karibu, akaikuza.

"Hii imeguswa."

"Ndiyo."

"Ya mwanzo iko wapi?"

Nikamweleza kuhusu sheria yetu. Aliandika maneno machache, kisha akaweka kalamu chini. Aliniuliza namba ya lile gari jeupe. Nikasema sikuisoma. Akauliza nyuso. Nikasema pengine mmoja alikuwa na kofia, halafu nikasema sina hakika, na kweli sikuwa na hakika, na mpaka leo sina. Fundi wa kompyuta mjini alijaribu kuirudisha ile ya mwanzo kutoka kwenye kadi. Alipata miguu ya bibi harusi wa Jumatatu, na nusu ya ngazi.



Tangu hapo nimehama mara tano. Nimepiga picha za shule Nakuru, za mazishi Kisumu, za ng'ombe Kajiado. Kila nikikaa mahali miezi kadhaa naanza kuikumbuka Kangemi, na harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto, na nikirudi Kangemi sikai. Najua kamera ya Isaya ipo mahali fulani, ikiwa haikuvunjwa, yenye picha yangu nimesimama upande wa nyumba, nikimtazama kijana aliyekuwa amebakiza dakika moja ya kuwa huru.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda kumsalimia Mama Isaya. Alinipa chai, akaniuliza habari za nyumbani Mutuini. Kisha akasema, "Ile picha. Niprintie. Kubwa."

"Mama, hayupo kwenye hiyo picha."

"Alikuwepo."

Niliichapisha mjini, karibu na zile ngazi, nikampelekea imeviringishwa. Aliikunjua juu ya meza, akaweka vikombe kwenye pembe zake. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nionyeshe."

Nikaweka kidole nyuma ya gurudumu la mwisho, kwenye mistari ya kijani na kijivu.

"Hapa?"

"Hapo, mama. Alikuwa amesimama, kamera usoni."

Akaondoa kidole changu, akaweka chake. Akainamisha uso karibu na karatasi, akatafuta, kama anavyotafuta mtu sindano sakafuni.

"Umefuta vizuri," akasema. Hakusema kwa hasira. "Hakuna hata alama."

Aliitundika sebuleni, mahali ambapo wengine huweka picha ya mahafali. Safari yangu ya mwisho pale nilimkuta na mgeni, mwanamke wa kanisani kwake, ambaye alikuwa ameinua macho ukutani akishangaa.

"Mama Isaya, na hii gari ya jeshi ni ya nini kwa nyumba?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anamimina chai.

"Hiyo si gari," akasema. "Huyo ni kijana wangu."