Kijiti Ubavuni mwa Jirani

Chumba ninachopanga hapa Lushoto mjini hakina maji, kwa hiyo kwa miaka mingi nimeoga kwenye bafu la halmashauri pale stendi. Unachukua ndoo yako ya maji ya moto, unaingia, unafunga komeo, unaoga. Anayekufuata haulizi ametoka nani. Hilo lilinifaa, maana mimi hasira zangu ziko karibu na maswali siyapendi.

Mwaka jana, asubuhi moja ya baridi kali, presha ilinipanda nikiwa na sabuni usoni. Nilipozinduka, mlango ulikuwa umevunjwa. Mwanamke anayetunza bafu alikuwa amenifunika kanga yake na ameshika simu yangu.

"Tumpigie nani, mama? Kwenu ni wapi?"

Nikaichukua simu, nikapitia majina yote, nikaizima. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na mpaka leo haijatoka. Kufa kwenyewe sikukuogopa kama nilivyoogopa kutolewa bafu la halmashauri na kupelekwa moja kwa moja makaburi ya halmashauri, kule bondeni wanakozikwa wasio na watu. Sisi Wasambaa tunazikwa shambani kwetu, karibu na migomba, wajukuu wakipita kila siku. Mwanamke huzikwa kwa mumewe. Wangu aliniacha zamani, na kwake yupo mwingine.

Nilipopata nguvu nikapanda gari kwenda Mlalo kwa kaka yangu mkubwa. Nikamwamkia, akaitikia, tukazunguka nyuma ya nyumba walikolala baba na mama. Karoti zilikuwa zimepandwa hadi ukingoni mwa saruji ya kaburi la mama.

"Kaka, mimi mtanizika wapi?"

Alicheka. Alipoona sicheki, akainama kung'oa gugu ambalo halikuwepo.

"Mdogo wangu, eneo lenyewe unaliona. Na vijana wangu nao wanataka kujenga."

Siku nyingine ningemchamba hadi majirani watoke nje. Siku hiyo niliomba tu maji ya kunywa. Wifi alinifungashia karoti. Nilizigawa stendi, sikuweza kuzila.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya halmashauri kuuliza mtu anapataje nafasi kule bondeni. Kijana wa mezani alinipa shikamoo, akauliza marehemu ni nani.

"Ni mimi."

Kalamu ilimdondoka. "Samahani mama, hatuandikishi walio hai."

Basi nikashuka bondeni mwenyewe, mchana kweupe, jasho likinitoka kama mwizi. Makaburi mengi hayakuwa na jina, mengine yalikuwa matuta tu yaliyomezwa na majani. Nikasimama kwenye moja, nikafikiri huyu naye labda waliuliza wampigie nani. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikapiga magoti, nikaanza kung'oa majani, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nikarudi wiki nyingine, na nyingine tena.

Yupo mzee anayefyeka pale. Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu, nikaruka kwa woga, halafu nikamwamkia.

"Marahaba. Huyu ni nani wako?"

"Jirani," nikamjibu.

Akaangalia nafasi tupu iliyokuwa ubavuni mwa kaburi lile, kisha akaniangalia mimi, kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakuuliza tena. Akapima kwa hatua, mbili na kidogo, akakata kijiti na kukichomeka upande wa kichwa.

Nilimshukuru huku meno yakigongana.

Jioni nilikwenda kuoga. Kabla ya kuingia nilimweleza yule mwanamke wa bafu kijiti kiko wapi, kaburi la ngapi kutoka kwenye mti mkubwa wa mgrevilea. Akaitikia kwa kichwa, akanipa ndoo yangu. Komeo jipya sikulifunga.