Delta Chini ya Sifuri

Sokoni, katika mji ambamo sitakaa muda mrefu, mama mmoja alinyunyizia maji vibonge vyake vya pemba, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito. Harufu ikanirudisha utotoni, Kolwezi.

Chaki zilipoisha shuleni tuliandika kwa pemba. Baba alikuwa amesema nikishindwa mtihani wa ubaoni, kesho yake nitaenda mtoni kuosha mawe ya shaba pamoja na kaka zangu. Siku hiyo alikuja mwenyewe kusimama dirishani.

Mwalimu aliandika x² + 2x + 5 = 0. Nikaanza na delta, b mraba kutoa 4ac: nne kutoa ishirini, hasi kumi na sita. Pemba ililowa jasho mkononi.

"Jibu?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna jibu."

Nilipogeuka, dirisha lilikuwa tupu. Baba hakungoja kusikia mwalimu akisema, "Vizuri sana."

Nyumbani nilikuta beseni la kuoshea mawe mlangoni.

"Tata," nilimwambia baba, "nilipata."

"Mi nilisikia. Ulisema hakuna."

"Ndiyo jibu lenyewe, tata. Delta ni hasi kumi na sita. Tafuta namba ukiizidisha yenyewe inatoa hiyo."

"Nne mara nne?"

"Kumi na sita."

"Hasi nne mara hasi nne?"

"Kumi na sita tena."

Midomo yake iliendelea kuhesabu bila sauti. Sikuthubutu kukaa. Mwishowe aliinama, akalisukuma beseni chini ya kitanda.

"Kesho utanionyesha ingine," alisema.