Jiwe la Mvua Kwenye Eksirei

Ukitaka cheka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, na pombe sijawahi kuonja.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nasafisha picha za eksirei katika hospitali ya misheni huku Iramba. Mwaka mmoja visima vya kijijini kwetu, upande wa Ulemo, vilikauka. Serikali ikasema maji yasipopatikana, watu wote wahame. Mama yangu alikuwa huko, na kaburi la baba liko huko.

Akaja Mzungu pale hospitalini, tukimwita Bwana Maji, na jiwe alilolichimbua kilimani, pale tunapoombea mvua. Alilimwagia maji yenye dawa inayoonekana nyeupe kwenye picha, ili tuone maji yanavyopenya ndani yake. Yakipenya vizuri, atachimba kisima palepale. Sasa niambie, nani kwetu hajui kwamba jiwe la pale haliondolewi bila kuchinja kondoo mweusi? Lakini yeye alimuuliza nani?

Jiwe likawa halitulii mezani. Mara bibi mmoja akaingia, nguo zinachuruzika maji. Kiangazi kile!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja niwashikie."

Akalifunika kwa kiganja, tukapiga picha.

Niliisafisha kwenye chumba cha giza. Mama yangu wee! Maji hayakushuka. Yalipanda, yakaingia kwenye kiganja cha bibi. Na kiganja chenyewe, niamini, hakikuwa na mfupa hata mmoja! Vijitundu vitupu, kama lile jiwe, na maji yanapita humo.

Nilitoka mbio. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwambie arudishe jiwe langu, na kondoo juu. La sivyo nahama na maji yangu."

Kufumba na kufumbua, hayupo. Sakafu imelowa tu.

Nilimweleza Bwana Maji. Akacheka, akasema picha imeharibika, kisha akalikata jiwe kwa msumeno. Alipochimba kilimani akapata vumbi. Hata kijito kilichokuwa kimebaki kikakauka.

Siku ya kuhamishwa, mama alikaa nyuma ya lori akilitazama kaburi la baba mpaka likapotea. Akaniuliza, "Kweli mwanangu, walikosa hata kondoo mmoja?" Nililia kama mtoto.

Mpaka leo mtu akinipa mkono naubonyeza kwanza, nisikie mifupa. Na wewe, usiende kuchokonoa maji ya watu bila kubisha hodi. Mwenyewe yumo.