Vijitu Kwenye Ukuta wa Mama

Enzi zetu kule Ngorongoro, midoli haikununuliwa dukani. Ilikuja mfukoni mwa mjomba, dereva wa watalii aliyeishi Karatu, ambaye watoto wa wageni walimpa zawadi wakati wa kuagana. Vilikuwa vijitu vya plastiki vya kuunganisha, vifupi kama kidole gumba, vichwa vya mraba, miguu kama matofali. Likizo ikifika, binamu yangu Paulo, mtoto wa mjomba, alitua bomani kwetu na kopo limejaa.

Wenzetu wa mbali walivihesabu kwa matoleo. Sisi tulivipanga kwa rika. Toleo la kwanza, ambalo mikono yake haikusogea, lilikuwa la wazee. Lililofuata lilikuja na kofia za kuchomoka. Walipofika wenye viganja vya kushika mkuki, tukawafanya morani siku hiyohiyo, tukawavisha shuka za kitambaa chekundu. Mzee tulikuwa naye mmoja tu, na mjomba alishasema, "Paulo, huyo akipotea, likizo za kwa shangazi yako basi." Mjomba hakuwa mtu wa utani.

Siku ya Paulo kuondoka, tuliwajengea boma la mavi mabichi ya ng'ombe kando ya zizi, tukawalaza humo, Mzee katikati, tukaenda kunywa maziwa. Kidogo mama akaniita nimsaidie kukandika nyumba, maana mvua zilikaribia na kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Nikapaka weee, nikijisifu moyoni kwa ukuta laini, mpaka kiganja kikagusa kitu kigumu. Mguu wa morani! Mama alikuwa amezoa boma letu lote, akidhani ni mavi ya kukandikia tu.

Paulo aliketi chini akalia kwa sauti. Mzee asipopatikana hangekuja tena, nami nilimpenda kuliko watoto wote.

"Nyie watoto!" mama akashangaa. "Yaani mmelaza wazungu wenu kwenye mavi yangu?"

Akautazama ukuta, kazi ya asubuhi nzima. Kisha akazamisha vidole, akaanza kuubandua. Morani wakatoka mmoja mmoja. Mzee alitoka mwisho, juu ya mlango, amejaa mavi mpaka machoni. Jamani, nilijihisi kama niliyetuliwa ndoo ya maji kichwani! Mjomba alipofika alimkuta dada yake akikandika upya, akauliza kulikoni. "Ulipasuka tu," mama akajibu, wala hakugeuka.

Paulo aliendelea kuja kila likizo. Siku hizi mwanawe naye anakusanya vijitu vya namna hiyo, ila havitoi hata kwenye pakiti. Ukinyoosha mkono tu, "Shangazi, usifungue, vitashuka thamani!" Vimepangwa kabatini Karatu, havijui vumbi wala jua, maskini. Kimoja kikipotea, anabonyeza simu, analetewa kingine. Wetu alipopotea, mama alibomoa ukuta.