Walitibu Sketi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mpaka ndoo naikumbuka: ya bluu, imepasuka mdomo, ndani yake mchanga wa dhahabu, na juu ya mchanga damu yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Hadithi hii hainiachi nikae. Tangu nishike kalamu nimeinuka mara tatu kuzunguka nyumba. Mimi ni wa Kendu Bay, niliolewa Macalder, na huko waliniita Nyar Kendu, binti wa Kendu. Shule niliiachia darasa la sita. Kazi niliipata kwa Odongo, mwenye mashine ya kusaga mawe ya mgodi. Sisi wanawake tulisimama kando ya ubao ulioinama, tunamwaga maji juu ya mchanga ili dhahabu ibaki. Tulisimama tangu asubuhi mpaka jioni. Vigoda tulikuwa navyo, Odongo akavichoma. "Mwanamke akikaa," akasema, "mdomo unafanya kazi kuliko mkono." Tukacheka. Ninamtaja kwa jina, na akisoma ajue ni yeye.

Baada ya mtoto wa pili mishipa ikaanza kutokeza nyuma ya goti, ya kijani, imejikunja. Ikateremka mpaka kifundoni. Jioni mguu ulikuwa mzito kama si wangu, ngozi inawasha, inageuka nyeusi. Nikashona sketi ya kufika visiginoni. Kanisani wakanisifu, ati nimeokoka kweli.

Nikaenda kwa Were, aliyekuwa na kliniki pale Migori karibu na steji.

"Shida gani, mama?"

"Mishipa, daktari. Mishipa ya mguu inanisumbua."

"Aa, mishipa. Hiyo ni kazi nyingi. Lala kwa tumbo."

Sindano ya makalio, na vidonge vya kupunguza maumivu. Sasa sikiliza, mwanangu. Kwa Kiswahili chetu mshipa ni wa damu, mshipa ni ule unaopeleka maumivu, mshipa ni ule unaokaza nyama. Hata Dholuo ni hivyo hivyo, yote tunaita leche. Mimi nilisema moja, yeye akasikia nyingine, na hakuinama hata siku moja kuangalia. Miaka kumi na moja nililala kwa tumbo.

Naye Min Akoth, yaani mama yake Akoth, jirani yangu pale ubaoni, alinitisha na hospitali kubwa. "Yawa, nenda uone! Wanashika mshipa hapa chini, wanavuta kama uzi wa sweta, mpaka mguu wote unafumuka." Tulicheka tena. Tulikuwa watu wa kucheka sana.

Basi siku ile nilijikuna kifundo kwa kisigino cha mguu wa pili, nikasikia joto. Nikatazama chini. Damu ilikuwa inaruka, inaingia kwenye ndoo.

"Wee Nyar Kendu!" Odongo akapiga kelele. "Toa mguu kwa mchanga wangu!"

Min Akoth akanikalisha juu ya jiwe, akanifunga leso chini ya goti, akakaza. Damu ikazidi, kwani leso iliizuia kupanda. Walinipakia kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, na njiani nilikuwa nawaaga watoto moyoni, mmoja mmoja.

Pale nilimkuta Sista Perpetua, nesi mzee wa nywele nyeupe. Alifungua leso akaitupa, akanilaza sakafuni, mguu akauweka juu ya kiti, akakandamiza kitambaa safi kwa kidole gumba. Hakuachia. Damu ikasimama. Nilikuwa nakufa kwa kitu ambacho kidole kinaweza kuzuia!

Halafu akapandisha sketi yangu mpaka gotini. Akainama kutazama.

"Hii ina miaka mingapi?"

"Kumi na moja, sista. Lakini natibiwa. Kwa Were."

"Were ameuona huu mguu?"

"Hapana."

"Mumeo je?"

"Huyo ananiona gizani tu."

Hakucheka. "Basi hao walikuwa wanatibu nini, mama? Sketi?"

Neno hilo liliniuma kuliko sindano zote za Were. Akanituma Homa Bay nikapigwa picha ya mguu kwa mashine ile ile ya wajawazito. Daktari akanionyesha: ndani ya mshipa kuna vilango vya kupandisha damu, vyangu vimelegea, damu inarudi chini na kutuama. Nikamuuliza habari ya sweta. Akasema kuvuta bado kuko, lakini si lazima kwa kila mtu. Kuna waya mwembamba unaoingia kwa tundu la sindano, unauchoma mshipa mbovu kwa ndani mpaka unajifunga, na damu inapita mishipa mingine iliyo mizima. Kuna dawa ya povu inayodungwa. Mshipa mdogo unatolewa kwa vitundu vidogo.

Mimi nilifanyiwa ule waya, katika hospitali kubwa nje ya kaunti. Walinichoma ganzi, macho yangu wazi, daktari ananiuliza bei ya omena, dagaa wetu. Siku hiyo hiyo nikavaa soksi ndefu ya kubana, nikatoka kwa miguu yangu. Kwenye ngazi nililia. Si maumivu. Hasira.

Kidonda kilichobaki kifundoni, pale damu ilipotokea, kilifungwa bandeji za kubana miezi mingi ndipo kikapona. Ngozi pale ni nyeusi na ngumu mpaka leo, haitarudi. Daktari pia hakuniahidi kwamba mishipa mingine haitatokeza.

Nimemtaja Odongo, nimemtaja Were, nimemtaja Min Akoth. Wa nne ni mimi, niliyeshona sketi.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayesimama saluni Oyugis au jikoni kwa watu: dai kigoda chako, tembeatembea, jioni inua miguu juu. Mshipa ukipasuka, lala, inua mguu, kandamiza, usiachie, na utafute msaada. Na ukifika kwa daktari usiseme "mishipa" ukanyamaza. Pandisha nguo, onyesha kwa kidole. Asipoinama kutazama, inuka uende kwa mwingine.

Mungu akupe miguu miepesi, na akukutanishe mapema na mtu wa kuinama.